Mbege ya Msimu wa Baridi na Chakula Chake

Katika miteremko ya Mlima Meru, ambako migomba na mibuni huoteshwa katika shamba moja, miezi ya Juni hadi Agosti huja na ukungu na baridi kali ya usiku, na hiyo ndiyo miezi inayofaa zaidi kuonja mbege, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya uchachukaji na hivyo pombe hukawia kuwa kali.

Mbege, ambayo asili yake ni kwa Wachagga wa Kilimanjaro lakini hunywewa pia Arusha, hutengenezwa kwa ndizi mbivu zinazochemshwa kwa muda mrefu, zikaachwa zichachuke kwa siku kadhaa na kukamuliwa, kisha maji yake huchanganywa na uji wa kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Gome la mti wa msesewe huongezwa ili kutia uchungu. Chembe za ulezi hubaki zikielea, na ndizo zinazokipa kinywaji uzito wake. Japani nako kuna pombe ya mchele iitwayo nigori, ambayo huachiwa machicha kidogo kwa makusudi, ingawa huko wanga hugeuzwa kuwa sukari na kuvu aitwaye koji, ilhali kwenye mbege sehemu kubwa ya sukari imo tayari katika ndizi.

Kabla ya kuonja, mbege hukorogwa, kwa sababu unga hutuama chini na anayewahi kunywa hupata maji matupu. Utamu wa ndizi hutangulia ulimini, uchachu hufuata, na uchungu wa msesewe huja mwisho. Bila uchungu huo mbege hukinaisha upesi, hata ikiwa imepikwa kwa ustadi.

Kwa vile kinywaji hiki kina ulezi na hushibisha, hakipatani vizuri na mtori, ambao ni supu nzito ya ndizi zilizopondwa, wala na loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, ambayo uchachu wake hushindana na ule wa mbege. Kinachofaa zaidi ni nyama ya mbuzi ya kuchoma, hasa mbavu zenye mafuta, kwa maana uchachu huyakata mafuta, utamu hupoza ukali wa pilipili, na uchungu wa msesewe huungana na ladha ya moshi.