Mwanajeshi akitoka jeshini Uingereza bila pa kuishi, halmashauri humsaidiaje?

Kutoka jeshini siyo kuacha kazi tu. Kwa wengi ni kuacha na nyumba pia, maana nyumba yenyewe ni ya jeshi.

Sensa ya 2021 ilihesabu watu takriban milioni 1.85 waliowahi kutumikia jeshi katika England na Wales. Wengi wanaishi bila shida. Anayekwama, mlango wa kwanza wa kubisha ni halmashauri. Hivi ndivyo mambo yalivyo England.

Siku 56

Sheria iliyoanza kutumika Aprili 2018 inataka halmashauri isisubiri mtu alale nje. Kama kuna uwezekano wa kukosa makazi ndani ya siku 56, lazima imsikilize na kuandaa naye mpango wa maandishi: kuongea na mwenye nyumba, kumsaidia kupata amana ya kupanga, au kutafuta kwingine. Hii ni kwa kila anayestahiki, siyo wanajeshi pekee.

Mwanajeshi ana nini zaidi?

- Taarifa mapema. Tangu Oktoba 2018, Wizara ya Ulinzi ina wajibu wa kuijulisha halmashauri kuhusu mwanajeshi aliye hatarini, yeye mwenyewe akikubali.
- Cheti. Jeshi hutoa cheti kinachoonyesha lini haki ya kukaa kwenye nyumba yake inaisha. Halmashauri hazitakiwi kusubiri amri ya mahakama.
- Kipaumbele. Aliyedhoofika kwa sababu ya utumishi, mfano majeraha au athari za vita akilini, anaweza kupewa makazi ya muda. Kuwa mstaafu tu hakutoshi.
- Uenyeji. Halmashauri nyingi hutoa nyumba za bei nafuu kwa wenyeji wao. Tangu 2012, aliyetoka jeshini ndani ya miaka 5 habanwi na sharti hilo. Septemba 2024 Waziri Mkuu Keir Starmer aliahidi kuondoa ukomo huo wa miaka, na baadaye kanuni zikabadilishwa.

Na Wakenya je?

Jeshi la Uingereza huandikisha raia wa Jumuiya ya Madola, Kenya ikiwemo. Wakiwa kazini, hawabanwi na masharti ya uhamiaji. Wakitoka, wanahitaji kibali cha kuishi nchini.

Hapa ndipo wengine wanaponaswa: bila kibali, kwa kawaida mtu hapati nyumba ya halmashauri wala msaada tulioueleza, hata kama ametumikia jeshi miaka mingi. Tangu Aprili 2022, waliotumikia angalau miaka 6 hawalipi ada ya ombi lao wenyewe.

Kwa hiyo la kwanza ni kushughulikia kibali kabla ya kuvua sare. La pili ni kuiambia halmashauri, siku ya kwanza kabisa, kwamba ulikuwa jeshini. Usiposema, ofisa anaweza asijue, na faili lako likaenda kama la mtu mwingine yeyote.