Mafuta ya chipsi yaliyochoka yanavyogeuzwa sabuni ya kufulia

Mafuta yaliyokaangia chipsi, samaki au mihogo mpaka yakawa meusi hayafai tena kwa chakula, lakini nguo bado yanaweza kufua. Kwa familia ya Mbagala, Tandika, Tegeta au Bunju inayonunua sabuni ya mche kila mara, ndoo ya mafuta hayo ni malighafi ya bure au ya bei ndogo.

Hatari iko kwenye kemikali inayoyageuza: kostiki soda.

Inakuwaje sabuni?

Mafuta yakichanganywa na kostiki iliyoyeyushwa kwenye maji, hubadilika kuwa sabuni na gliserini. Kanuni ni ileile ya sabuni ya mawese ya Kigoma. Vipimo vikiwa sahihi, kostiki yote hutumika humo ndani, ndiyo maana sabuni iliyokomaa haiunguzi mikono.

Vipimo

Kwa kila kilo 1 ya mafuta yaliyochujwa:

- Kostiki soda: gramu 128
- Maji: gramu 330

Kilo 1 ya mafuta ya alizeti huhitaji takriban gramu 134 za kostiki ili yageuke yote. Kinachopunguzwa hapo huacha mafuta kidogo ambayo hulinda ngozi. Kostiki ikizidi, sabuni inakula mikono na nguo. Ikipungua sana, inabaki laini na kuteleza kama mgando.

Kwa hiyo mizani ni lazima. Mambo ya kukadiria kwa kijiko hayana nafasi hapa. Pia kilo si lita: lita 1 ya mafuta ina uzito wa kama gramu 920.

Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ni ya kawaida sehemu nyingi za Dar es Salaam, huharibu mchanganyiko. Ya mvua au ya bomba ni bora.

Hatua kwa hatua

1. Chuja mafuta kwa kitambaa kuondoa makombo.
2. Vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu. Fanyia kazi nje, watoto wakiwa mbali.
3. Mimina kostiki kwenye maji kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia.
4. Acha mchanganyiko upoe uwe vuguvugu, kisha umimine kwenye mafuta.
5. Koroga mpaka uwe mzito kama uji.
6. Mimina kwenye chombo cha plastiki. Baada ya siku 1 au 2, kata vipande ukiwa bado na glavu.
7. Anika kivulini wiki 4 ndipo itumike.

Ukikata ukakuta majimaji au chembe ngumu nyeupe ndani, kostiki haikuchanganyika. Usiifulie.

Sufuria ya nyumbani hapana

Sufuria nyingi za majumbani ni za alumini. Kostiki huitafuna alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto kirahisi. Tumia ndoo nzito ya plastiki na mwiko wa mbao, na visirudi tena jikoni.

Ikitokea ajali

Ikigusa ngozi au jicho, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha nenda hospitali. Mtu akiimeza, asilazimishwe kutapika, maana itaunguza koo mara ya pili. Awahishwe hospitali.

Kostiki iliyobaki isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Ikiwa imeyeyushwa haina rangi, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti.

Anayetaka kuuza

Sabuni ya matumizi ya nyumbani ni jambo moja, ya biashara ni jingine. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, hutoa mafunzo ya ujasiriamali, na ubora wa bidhaa za sokoni husimamiwa na TBS. Ni vizuri kupita huko kabla ya kupeleka mche wa kwanza dukani.