Ugonjwa wa Korsakoff: Kumbukumbu Inapokosa Vitamini

Ugonjwa wa Korsakoff ni kupotea kwa uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya kunakotokana na upungufu wa vitamini B1, iitwayo pia thiamini. Mgonjwa hajapoteza fahamu wala hajapungukiwa na akili. Anazungumza vizuri, anahesabu, anacheza karata na kumshinda mwenzake. Lakini daktari akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika tano, hupokewa kama mgeni. Mara nyingi hata miaka kadhaa iliyotangulia ugonjwa huwa imefutika, hivi kwamba mtu wa miaka 55 hushikilia kuwa ana 40 na kwamba wanawe bado wako shule ya msingi.

Pengo hilo mgonjwa hulijaza. Akiulizwa jana alikuwa wapi, mtu ambaye hajatoka wodini mwezi mzima hujibu kwamba alikwenda sokoni, na hutaja alichonunua. Huo si uongo. Mwongo anaujua ukweli anaouficha, ilhali mgonjwa huyu anaamini kila neno analosema, na pengine safari hiyo ya sokoni aliifanya kweli, ila miaka mingi nyuma. Ndugu wasipoelezwa jambo hili mapema, hugombana naye bure na kumwona mnafiki.

Jina la ugonjwa linatokana na Sergei Korsakoff, daktari wa magonjwa ya akili wa Moscow, aliyeueleza katika maandishi yake kuanzia mwaka 1887. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa walevi, lakini yeye mwenyewe alisisitiza kwamba wapo waliougua bila pombe, baada ya uzazi wenye matatizo au homa kali ya matumbo. Alidhani kuna sumu inayozunguka mwilini. Miaka michache kabla yake, mwaka 1881, Carl Wernicke wa Berlin alikuwa ameeleza hali nyingine iliyoonekana tofauti kabisa: macho yasiyotulia au yasiyogeuka, mwendo wa kuyumba, na kuchanganyikiwa. Wagonjwa wake walikuwa watatu. Wawili walikuwa wanaume walevi. Wa tatu alikuwa msichana fundi wa kushona aliyekunywa asidi ya salfa, kisha akawa anatapika mfululizo. Wote walifariki. Leo inafahamika kwamba madaktari hawa wawili walikuwa wakiangalia ugonjwa mmoja: hali ya Wernicke ndiyo dharura ya mwanzo, na ya Korsakoff ndiyo kovu linalobaki.

Wakati huo vitamini zilikuwa hazijajulikana. Katika miaka ya 1890, Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyefanya kazi Java, aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakipooza miguu, nao wakapona waliporudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani. Kilichokuwa kwenye ganda hilo kilipatikana kwa umbo la chembechembe safi mwaka 1926, na mwaka 1936 kikaanza kutengenezwa maabara. Hiyo ndiyo thiamini.

Kazi yake mwilini ni kusaidia vimeng'enya vinavyogeuza sukari kuwa nguvu. Ubongo hutegemea sukari karibu peke yake, kwa hiyo huumia upesi. Mtu mzima anahitaji kiasi cha miligramu 1.2 tu kwa siku, lakini akiba yote ya mwili ni takriban miligramu 30, na huisha ndani ya wiki mbili au tatu. Sehemu zinazoharibika kwanza ziko ndani kabisa: thalamasi, na vinundu viwili vidogo vilivyo upande wa chini wa ubongo, ambavyo ni vituo kwenye njia ya kumbukumbu. Ndiyo maana lugha na maarifa ya zamani hubaki salama, huku tukio la asubuhi likipotea.

Kwamba tatizo ni lishe, si pombe yenyewe, kulidhihirika wazi katika vita ya pili ya dunia. Wafungwa wa kivita waliokuwa mikononi mwa Wajapani huko Singapore walilishwa zaidi mchele mweupe. Hugh de Wardener na Bernard Lennox, madaktari waliokuwa wafungwa pamoja nao, waliandika mwaka 1947 juu ya wagonjwa 52 wenye hali ya Wernicke. Hao hawakuwa walevi. Walikuwa na njaa, wengi na kuhara, na waliopata sindano za thiamini mapema walipata nafuu ya haraka.

Hata hivyo, pombe ndiyo chanzo kikuu katika nchi nyingi. Mnywaji wa gongo au chang'aa hupata nguvu kutoka kwenye pombe na kuacha kula, utumbo wake hunyonya thiamini kidogo, na ini lililochakaa halihifadhi. Lakini hatarini pia yumo mjamzito anayetapika kwa wiki nyingi, mgonjwa wa saratani au UKIMWI aliyekonda, na aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Wenye lishe finyu huzidi kuathirika kwa kuwa sembe na mchele mweupe vimeondolewa sehemu kubwa ya thiamini kinuni. Dona, maharage na karanga bado vinayo.

Matibabu ya dharura ni thiamini kwa dozi kubwa kupitia mshipa, si vidonge. Haifai kusubiri vipimo, wala kusubiri dalili zote tatu za Wernicke, kwa sababu wagonjwa wengi hawanazo zote. Utaratibu nao ni muhimu: dripu ya glukosi ikitangulia peke yake humaliza thiamini iliyobaki na inaweza kuleta madhara yale yale yanayoogopwa, hivyo thiamini hutolewa kwanza au pamoja nayo. Macho huweza kutulia ndani ya saa chache. Mwendo huchukua siku hadi wiki.

Kumbukumbu ndiyo ngumu kurudi. Takriban robo ya wenye Korsakoff hupona vizuri, wengi hupata nafuu kidogo kidogo kwa miezi au miaka, na robo nyingine hawabadiliki. Hata hao bado hujifunza, bila kujua. Mwaka 1911 Édouard Claparède, mwanasaikolojia wa Geneva, alieleza jinsi alivyoficha pini mkononi na kumchoma mama mmoja mgonjwa wakati wa kusalimiana. Muda mfupi baadaye mama yule hakukumbuka tukio, lakini aliponyooshewa mkono aliurudisha wake. Utunzaji mzuri hutumia uwezo huo: ratiba isiyobadilika, vitu mahali pamoja, njia ile ile ya kwenda bafuni, na kumwongoza mgonjwa kwenye jibu sahihi badala ya kumwacha akisie, kwani kosa analolifanya mara moja nalo hulizoea.