Chungu Hakina Kabila

Wiki iliyopita vijana wa mjengo walikuwa wakichimba mtaro wa majitaka nyuma ya ploti ninamoishi hapa Lucky Summer, katika eneobunge la Ruaraka, jijini Nairobi. Nilisimama kando, mikono mgongoni, nikiitazama ardhi ikifunguka tabaka baada ya tabaka. Juu palikuwa na changarawe na vifuniko vya chupa za soda. Chini yake ikatokea mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2017, ingali na rangi yake. Kisha kikatoka kigae cha udongo, sufuria iliyotoboka na shanga moja nyekundu. Chini kabisa palikuwa na udongo mweusi mtupu.

Kigae hicho ndicho kilichozua zogo. Mpangaji mmoja alidai kwamba ni kipande cha chungu cha kabila lake, na kwamba mababu zake ndio waliotangulia kukaa hapa. Jirani yake akamjibu kwa ukali kuwa wa kuja ni wa kuja tu. Kijana mwenye sururu akanigeukia: “Mzee, wewe uliyesoma, hebu tuamulie. Nani mwenyeji na nani mgeni?”

Nilikitazama kigae nikacheka, maana kilikuwa kipande cha jiko la makaa! Hata hivyo, kicheko kilinikauka upesi. Swali la kijana yule limemwaga damu katika nchi hii mwaka 1992, mwaka 1997, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Wengi walifukuzwa kutoka mashamba na nyumba zao kwa kosa moja tu, la kuitwa wageni.

Basi, msomaji mpendwa, na tuiulize ardhi yenyewe, kwani haina chama wala mgombea.

Mwaka 1948, Mary Leakey, Louis Leakey na Shemasi Mkuu W. E. Owen walichapisha maelezo ya vyungu vyenye kishimo kitakoni, vilivyopatikana magharibi mwa Kenya. Leo huitwa vyungu vya Urewe. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alifukua huko Kwale, karibu na pwani, vyungu vinavyofanana navyo kwa mbali, vya tangu karne ya tatu hivi baada ya Kristo. Wanaakiolojia wengi huvihusisha na wakulima wafua chuma waliosema lugha za Kibantu. Ndizo zama zile zile ambapo Wagothi walikuwa wakihamahama huko Ulaya na kuitikisa dola ya Rumi.

Je, wakulima hao ndio wenyeji wa kwanza? La hasha! Katika pango la Mto Njoro, lililofukuliwa mwaka 1938, walizikwa wafugaji walioishi takriban miaka 3,000 iliyopita. Kule Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, wafugaji wengine walijenga makaburi ya pamoja yapata miaka 5,000 iliyopita. Nao pia waliwakuta wawindaji.

Mwaka 2019 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania. Walibaini kwamba wafugaji hao walikuwa wamechanganya damu ya jamii za kaskazini-mashariki mwa Afrika na ya wawindaji waliowakuta. Baadaye zikaongezeka damu za jamii kutoka Sudan na kutoka magharibi mwa bara. Kwa ufupi, hawakupita watu safi hapa, wa kabila moja tupu.

Wazungu nao wamewahi kuteleza papo hapo. Gustaf Kossinna, msomi wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1931, alishikilia kwamba kila mtindo wa vyombo una taifa lake, na kwamba chombo kikipatikana mahali, taifa hilo lina haki napo. Wafuasi wa Hitler waliikumbatia hoja hiyo, na madhara yake dunia inayajua. Ilhali kaburi la Childeric, mfalme wa Wafranki aliyefariki mwaka 481 au 482, lilikuwa limefukuliwa kitambo mjini Tournai, mwaka 1653. Humo mlikuwa na silaha za kwao, pamoja na kifungo cha dhahabu cha vazi la maafisa wa Rumi na pete ya muhuri iliyoandikwa Kilatini. Mtu yule tumwite Mjerumani au Mrumi?

Hebu fikiria mwanaakiolojia akija kufukua Lucky Summer miaka 1,500 ijayo. Atakuta kila chumba kina sufuria ile ile, jiko lile lile na mtungi ule ule wa maji. Ataandika kwamba hapa lilikaa kabila moja. Atakuwa amekosea kuhusu majina yetu, lakini hatakuwa amekosea sana kuhusu maisha yetu.

Tatizo ni kwamba watoto wetu wangali wanafundishwa uhamiaji kwa ramani za mishale, kila mshale na kabila lake, kana kwamba watu walisafiri ndani ya mabomba yasiyovuja. Ningependa walimu wawaeleze pia kuhusu ndoa, biashara na kuazimana vyungu. Mtoto aliyelijua hilo atakuwa mgumu kudanganywa na mwanasiasa msimu wa kura ukifika.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilimjibu kijana yule: “Mwanangu, udongo ule mweusi ndio mwenyeji. Sisi wengine tumepishana saa za kufika tu.” Alitikisa kichwa, akaendelea kuchimba. Jioni mtaro ulikuwa tayari, na wale waliogombana asubuhi sasa wanautumia wote wawili.