Wi-Fi ya Mtaani: Mipangilio Iwe Moja, Neno la Siri Lisiwe Moja

Mkazi wa Mowlem anaponunua Wi-Fi ya saa moja kwa M-Pesa, rauta ya ploti haimruhusu yenyewe. Huuliza seva ya uthibitishaji ya mtoa huduma, nayo hujibu iwapo amelipa, kwa kasi gani na hadi saa ngapi.

Mwenye rauta 20 haandiki mipangilio hiyo mara 20. Huiandika mara moja kwenye seva, na rauta zote huitumia. Kasi ikibadilika, hurekebisha mahali pamoja tu.

Kisichofaa kurudiwa ni neno la siri kati ya rauta na seva. Likiwa moja kote, rauta moja ikiibwa, mwizi akilipata anaweza kufichua nywila za wateja wa ploti nyingine. Kila rauta ipewe lake, lenye herufi 16 au zaidi, kama kanuni za RADIUS za mwaka 2000 zinavyopendekeza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mtoa huduma alinde taarifa za wateja.

Wakazi wanashauriwa kutotumia nywila ya eCitizen kwenye Wi-Fi, wala kuandika PIN ya M-Pesa kwenye ukurasa wa kuingilia.