Vinara wa Ukolezi, Kuanzia Matenki ya Dhahabu Hadi Ghuba ya Mwanza

Mmumunyo hafifu ulioshinda mkali

Nafasi ya kwanza naipa dhahabu, kwa sababu kwenye dhahabu ndiko watu wengi wa Kanda ya Ziwa wanakutana na kemia ya kasi wakiwa kazini. Kanuni yenyewe ni fupi. Chembe hazimenyuki mpaka zigongane, na zikijaa nyingi ndani ya lita moja zinagongana mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ukolezi ukipanda, kasi nayo hupanda. Ni kweli kabisa, hadi pale kitu kingine kinachohitajika katika mmenyuko huohuo kinapokuwa haba.

Mwaka 1783 mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliripoti kwamba dhahabu, metali isiyoshika kutu wala kuogopa asidi ya kawaida, inayeyuka katika sayanaidi. Mwaka 1846 Elsner wa Ujerumani akaonyesha kuwa bila oksijeni kazi hiyo haiendi. Ikapita zaidi ya miaka 40 kabla ya John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa familia ya Forrest, mjini Glasgow, kupata hataza ya njia ambayo migodi ya dunia inaitumia hadi leo. Ilikuwa mwaka 1887, na nguvu ya ugunduzi wao ilikuwa katika wepesi wa mmumunyo: sayanaidi kidogo sana kwenye maji mengi iliitoa dhahabu na kuziacha metali nyingi nyingine mahali pake.

Sababu inaonekana kwenye hesabu. Kila atomi nne za dhahabu huhitaji sayanaidi nane na molekuli moja ya oksijeni. Sayanaidi mtu anaweza kuongeza atakavyo, lakini oksijeni ina kikomo chake ndani ya maji. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 hushika takribani miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Mwanza iko zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari, hewa yake ina mgandamizo mdogo, na maji yaleyale hushika kama miligramu 7 tu. Kwa oksijeni hiyo, gramu 100 hivi za sayanaidi ya sodiamu katika lita 1,000 zinatosha kuifikisha dhahabu tupu kwenye kasi yake ya juu. Ukizidisha hapo, kasi haisogei. Mawe halisi yana shaba na chuma vinavyokula sayanaidi, hivyo kazini hutiwa zaidi ya kiasi hicho, lakini dari inabaki kuwa oksijeni.

Ndiyo maana mitambo mikubwa, ya aina inayotumika katika mgodi wa Geita, mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu Tanzania, hupuliziwa hewa au oksijeni kwenye matenki. Hewa ina oksijeni kama asilimia 21. Ukipuliza oksijeni tupu, maji yanaweza kushika karibu mara tano ya ile yanayopata kwenye hewa, na dari ya kasi inapanda pamoja nayo. Hili nalisema kwa mkazo kwa wenye mavati ya marudio, yaani wanaochenjua tena mchanga wa dhahabu uliokwisha kuchakatwa: vati linapochelewa, kukimbilia kuongeza sayanaidi ni kutupa fedha na kuacha sumu nyingi zaidi kwenye mchanga utakaobaki karibu na makazi na mito. Angalia kwanza kama hewa inapita. Na chokaa, inayoshikilia pH juu, isipunguzwe hata siku moja. Mmumunyo ukishuka chini ya pH 10, sayanaidi inaanza kugeuka gesi, na gesi hiyo inaua.

Wa kwanza kupima

Mtu wa kwanza kupima kasi ya mmenyuko na kuiandika kwa hesabu alikuwa Ludwig Wilhelmy wa Ujerumani, mwaka 1850. Alitia sukari ya miwa kwenye asidi, akafuatilia kwa mwanga jinsi inavyovunjika kuwa glukosi na fruktosi. Aliona kwamba kasi inalingana na kiasi cha sukari kilichobaki: ikibaki nusu, kasi ni nusu. Kwa miaka mingi kazi yake haikusomwa na wengi, jambo linalonisikitisha, kwa sababu ndiyo msingi wa mengi yaliyofuata. Guldberg na Waage wa Norway walitoa sheria yao kuhusu ukolezi mwaka 1864, na Nobeli ya kwanza kabisa ya kemia, mwaka 1901, ikaenda kwa Jacobus van 't Hoff, kwa sehemu kutokana na sheria za mwendo wa mimenyuko.

Waliofanya kemia ya vitendo kidato cha nne wanalijua jaribio la herufi X: thiosalfeti na asidi ya haidrokloriki ndani ya bika, karatasi chini, saa mkononi, hadi salfa ifunike herufi. Ukizidi kupunguza thiosalfeti kwa maji, X inachelewa zaidi kupotea.

Wenye kasi na wazito

Manfred Eigen alipata Nobeli ya 1967, pamoja na wenzake wawili, kwa kupima yaliyodhaniwa hayapimiki. Mmoja wa mimenyuko yake, ule wa ayoni za haidrojeni na haidroksidi kuungana kuwa maji, ni kati ya ile ya kasi kubwa kuliko yote ndani ya maji. Kwa hesabu, kila upande ukiwa na moli moja kwa lita, nusu ingeisha katika sekunde 7 zilizogawanywa kwa trilioni. Punguza ukolezi hadi ule wa maji safi, mara milioni kumi, na muda huo unakuwa sehemu 70 za milioni za sekunde: mara milioni kumi zaidi.

Upande wa pili kuna mmenyuko uliopimwa na Richard Wolfenden na Anna Radzicka wa Marekani, 1995. Molekuli inayohitajika kutengeneza vijenzi vya DNA, ikiachwa peke yake kwenye maji bila kimeng'enya, nusu yake ingechukua takribani miaka milioni 78 kubadilika. Kuongeza ukolezi wake hakusaidii kufupisha muda huo. Nusu ya nyingi na nusu ya chache huisha kwa muda uleule, kama kwa sukari ya Wilhelmy.

Ziwa kubwa, oksijeni haba

Ziwa Victoria, lenye kilometa za mraba 68,800 hivi, ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, ila kina chake hakizidi sana meta 80. Naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na mijini vimelisha mwani wake. Mtafiti wa Uganda Rose Mugidde alionyesha mwaka 1993 kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umepanda karibu mara mbili tangu vipimo vya Jack Talling vya 1960 na 1961. Mwani ukijaa hivyo unajifunika jua wenyewe, na mwanga ndio unaokuwa haba, kama oksijeni kwenye matenki ya dhahabu.

Mwani ukifa huzama na kuozea chini, na kuoza kunakula oksijeni. Miezi ambayo tabaka za maji hazichanganyiki, kina kirefu hubaki bila hewa ya kutosha, mpaka upepo wa kusi wa Juni na Julai uyakoroge. Katika Ghuba ya Mwanza, watafiti waliokuwa na Frans Witte waliwapima furu wa aina ya Haplochromis pyrrhocephalus waliosalia baada ya sangara kuwamaliza wenzao. Ndani ya miongo miwili, eneo la matamvua yao lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Oksijeni ilipopungua kwenye maji, samaki hao walipanua mlango wa kuipokelea.