Je, Wajua? Fuwele Oevu, Macho ya Dome na Mikoko ya Lamu

Je, wajua kwamba tarakimu za kikokotoo cha muuza duka wa Lamu zinatokana na kitu ambacho si kigumu wala si kioevu hasa? Ni fuwele oevu: humiminika, lakini molekuli zake huelekea upande mmoja. Vaa ile miwani ya jua inayokata mng'ao wa bahari, kisha kizungushe kikokotoo polepole. Kuna pembe ambayo kioo chote huwa cheusi.

Aliyezigundua fuwele oevu mwaka 1888 ni mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer wa Austria. Dutu aliyoitengeneza kutokana na karoti iliyeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi ikawa uji wenye ukungu, kwenye nyuzi 178.5 ikang'aa kama maji.

Dome, nduguye pweza, hatofautishi rangi, ila huona mwelekeo wa mawimbi ya nuru. Wanasayansi walimpima kwa skrini za fuwele oevu zilizobanduliwa kichujio cha mbele. Kwetu sisi skrini hiyo ni nyeupe tupu; dome huona picha.

Na wanasayansi hujuaje kuwa fuwele oevu imegeuka hali? Tone lake hubanwa kati ya vioo viwili chini ya hadubini yenye vichujio vya nuru vilivyopishana, kisha hupashwa moto. Michirizi na rangi hubadilika. Likiwa kioevu kamili, giza. Kamera hupiga picha mfululizo, na kompyuta huipa kila nukta ya picha namba ya mwangaza, kwa kawaida 0 hadi 255, ikapima jinsi namba zinavyotawanyika. Mtawanyiko huo unaporuka ghafla, hali imegeuka. Ukichanganya chembe nano kidogo tu, tuseme za dhahabu, joto la mgeuko huo laweza kusogea kwa sehemu ya nyuzi moja. Hapo jicho haliaminiki. Watazamaji wawili watabishana hadi jioni.

Sasa hili ndilo tamu zaidi. Mwaka 1973 mtafiti Robert Haralick na wenzake walitoa hesabu za kupima umbile la picha, yaani kila nukta imepakana na nukta ya aina gani. Walizijaribu kwa picha za mawe chini ya hadubini, na pia kwa picha za setilaiti! Leo hesabu hizohizo hutumika kwa fuwele oevu na kwa misitu.

Chukua misitu ya mikoko: Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Picha za setilaiti za Landsat zilionyesha kuwa nchi ilipoteza asilimia 18 ya mikoko yake kati ya 1985 na 2010.

Lakini nukta moja ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Mkata mikoko wa kisiwa cha Pate, Lamu, hutenganisha madaraja ya pau, mazio, boriti na nguzo kwa unene wa mti. Miti iliyonyooka ikiteuliwa na kukatwa, ikabaki iliyopinda, majani bado hufunika tope, na setilaiti huandika: msitu upo.